Nafuu Inayodanganya



Tuseme binti wa Buyenzi, hapa Bujumbura, anaamka, jicho moja limeingia ukungu. Baada ya wiki kadhaa anaona vizuri. Mwaka unaofuata miguu inakufa ganzi, anayumba njiani, kisha nguvu zinarudi. Na kila mara yupo anayesifiwa kwa kumponya: mchungaji aliyemwombea, mganga aliyempa mizizi, muuza dawa aliyempa vitamini.

Huenda binti huyu ana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao madaktari wetu huuita kwa Kifaransa sclérose en plaques. Kinga ya mwili hugeuka, ikashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo. Kwa wengi huanza kwa kuja na kuondoka wenyewe. Ni kweli huku karibu na ikweta wagonjwa ni wachache, na ndiyo maana hakuna anayeufikiria.

Nafuu hiyohiyo inayokuja yenyewe ndiyo mtaji wa wanaouza sindano za seli shina kwa maelfu ya dola. Wanakuonyesha mgonjwa aliyesimama. Hawakuambii kwamba pengine angesimama hata bila wao.

Upandikizaji wa kweli wa seli hizo ni jambo jingine. Ulianza kujaribiwa kwa ugonjwa huu Thessaloniki, Ugiriki, mwaka 1995. Seli shina huchukuliwa katika damu ya mgonjwa mwenyewe na kugandishwa. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali, za jamii ya zile za saratani, zifagie kinga iliyopotoka. Ndipo seli zake hurudishwa, kinga ianze upya. Kazi kubwa ni ya dawa hizo. Seli hazifufui mshipa uliokufa. Na mgonjwa anaweza kufa kwa maambukizi, au akapoteza uwezo wa kuzaa.

Mwaka 2019 timu ya daktari Richard Burt wa Chicago ilitangaza matokeo ya wagonjwa 110, nusu wamepandikizwa, nusu wakiendelea na dawa za kawaida. Waliozidi kudhoofika walikuwa 3 upande wa kwanza, 34 upande wa pili. Lakini wote walichaguliwa ugonjwa ukiwa bado unakuja na kuondoka. Aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu miaka mingi hutarajia kidogo sana.

Jirani zetu Tanzania wameanza kupandikiza seli shina za uloto: hospitali ya Muhimbili mwaka 2021 kwa saratani ya damu, Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Si kwa ugonjwa huu, ila ujuzi umesogea, na nafurahi mno. Hata hivyo, chumba cha upandikizaji kikifunguliwa kesho kwetu, pale hospitali ya Kamenge, binti wetu atakifikia amechelewa, kwa kuwa hakuna aliyeandika popote kwamba jicho lake liliwahi kuzima.

Basi wazazi, na nyinyi wauguzi wa vituo vya afya, andikeni tarehe. Jicho lilififia lini, ganzi ilianzia wapi, ilidumu siku ngapi. Mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mkaulizie picha ya MRI ya ubongo, hata kama siku hiyo anatembea vizuri kabisa.