Mwendo wa Mtuhumiwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya kupima ushahidi. Nitashika jambo moja tu: mtu anayefanya mambo ya ajabu baada ya kosa kutendeka. Je, tumwamini?

Mjini London mwaka 1949 aliishi kijana dereva, Timothy Evans, asiyejua vizuri kusoma, pamoja na mkewe Beryl na mtoto wao mchanga Geraldine. Mwezi Novemba mama na mtoto hawakuonekana tena. Evans aliuza vyombo vya nyumba, akaenda Wales kwa jamaa zake, na kila aliyeuliza habari za mkewe alimdanganya. Tarehe 30 Novemba akaingia mwenyewe kituo cha polisi. Alisema mkewe amekufa kwa dawa ya kutoa mimba, naye akautumbukiza mwili katika shimo la maji machafu nje ya nyumba. Polisi walikwenda kutazama. Mfuniko wa shimo lile uliinuliwa na watu watatu, na ndani hamkuwa na kitu.

Ndipo akageuza maneno: jirani yake wa chini, John Christie, ndiye aliyejaribu kumtoa Beryl mimba, na Beryl alipokufa akamshauri auze vyombo na aondoke. Tarehe 2 Desemba maiti za mama na mtoto zikapatikana katika chumba cha kufulia cha nyumba hiyo. Walikuwa wamenyongwa. Evans akakiri kuwaua, halafu akakana. Nani angemwamini tena? Christie, aliyepata kuwa askari polisi wa akiba wakati wa vita, akawa shahidi mkuu wa mashtaka. Evans alinyongwa tarehe 9 Machi 1950 kwa kosa la kumuua mwanawe.

Mwaka 1953 maiti nyingine za wanawake zilionekana katika nyumba ileile. Christie akakiri kwamba aliwaua, na Beryl pia. Wawili kati yao walikuwa wamezikwa bustanini tangu wakati wa vita, na polisi waliopekua mwaka 1949 hawakuwaona. Evans alipewa msamaha wa Malkia mwaka 1966, miaka 16 baada ya kuzikwa.

Ndugu zangu, Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inauhesabu mwenendo wa mtuhumiwa, kabla na baada ya kosa, kuwa jambo linalohusika na kesi. Ni sawa. Lakini kuhusika si kuthibitisha. Kukimbia kwaonyesha kwamba mtu anaogopa. Anachokiogopa lazima kitafutwe. Kwa hiyo tujiulize maswali matatu. Je, mtu asiye na hatia, mwenye hofu au aibu, angeweza kutenda vivyo hivyo? Je, katika maneno yake lipo jambo tunaloweza kwenda kulihakikisha wenyewe? Na je, anayemshtaki tumempekua kama tulivyompekua mshtakiwa?

Nasema haya kwa sababu nami nimepata kuhukumu vibaya. Nilipokuwa kiranja hapa, fedha za nauli za mwenzetu zilipotea bwenini. Usiku ule kijana mmoja wa darasa letu hakuwapo. Alirudi alfajiri, viatu vimejaa matope. Alisema alikwenda mtoni, kisha akasema alikwenda dukani. Viranja tulikaa, tukapeleka jina lake, naye akarudishwa nyumbani. Baada ya wiki tatu fedha zilionekana ndani ya jalada la daftari la mwenyewe. Baadaye tulisikia kwamba kijana yule alikuwa amekwenda kwa mama yake, aliyepika pombe ng'ambo ya bonde ili apate ada, naye aliona haya kulisema jambo hilo mbele yetu. Hakuna aliyemfuata kuuliza, ingawa ni mwendo wa saa moja tu. Hakurudi shuleni tena. Leo nimetazama viti vyote humu ukumbini, naye hayumo.

Vijana wetu, kesho mtakuwa mahakimu, askari, wakuu wa kazi na wazazi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kabla hamjamhukumu mwenzenu, tokeni nje mkaone kama ardhi imelowa.