Mbishi Si Mkaidi
Hotuba kwa wazee wa Nyumba Kumi, Burnt Forest



Watu wawili wanagombania mpaka wa shamba. Mnawaita, mmoja anakataa mapatano, na kwenye daftari linaandikwa neno moja: "mkaidi". Kesi ikifika kwa chifu, analisoma neno hilo kabla hajamwona mwenyewe. Tayari mtu amehukumiwa.

Kiswahili kina maneno mengi kuliko hilo. Ukaidi unahitaji amri. Aliyeombwa tu akakataa, hajakaidi kitu. Mbishi anajibu neno kwa neno. Anachosha, ndiyo, lakini bado anaongea nawe, na mimi ni afadhali wabishi kumi kuliko mmoja aliyenyamaza. Sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mwenye kushika jembe. Haikuzaliwa ngumu, ilisuguliwa. Ukimwita jirani sugu, uliza alisuguliwa na nini. Asiyeshawishika naye huenda ni mtu wa kusifiwa, kwa sababu hata hongo hushawishi. "Mwenye msimamo", nimeona, tunawawekea walio upande wetu.

Hapa kwetu jambo hili si la darasani. Majirani walifukuzana mwaka 1992, wakafukuzana tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mama aliyechomewa nyumba akikataa kupeana mikono hadharani, mtamwandika mkaidi? Muulizeni kwanza anachokataa. Pengine yuko tayari kuuza viazi na jirani huyo sokoni, ila hataki kupigwa picha naye.

Na neno la mtu mmoja halikawii kuwa la ukoo, kisha la kabila: "hao hawaambiliki". Kutoka hapo hadi "madoadoa" ni hatua chache. Neno hilo Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kitaifa, NCIC, ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022. Tunalijua hapa tangu zamani, hatukuhitaji orodha.

Basi kuanzia sasa msiandike tabia ya mtu. Andikeni alichoombwa, alichojibu kwa maneno yake, na sababu aliyoitoa. Asipotoa sababu, andikeni "hakutoa sababu" na tarehe ya kumrudia. Asiyejua kusoma asomewe kabla ya kuweka kidole.

Madaftari mapya yako kwa karani. Chukueni kabla ya chai.