Tonge Linapokwama, Tusinyamaze

(Hotuba ya kamati ya afya, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa matawi)



Tulipoombwa tuseme machache juu ya ugonjwa wa kansa, baadhi yenu mliuliza, "Chama kina shauri gani na kansa? Kazi ya chama ni mshahara na saa za kazi." Swali hilo ni la haki, na jibu lake tutalitoa mwishoni. Kwanza tusikilizane juu ya ugonjwa wenyewe, na juu ya mambo waliyoyavumbua wataalamu katika kuutibu, maana mengi ni mapya na wachache wetu wameyasikia.

Mwenzetu mmoja, mchumaji chai wa miaka mingi, alianza kukwamwa na ugali. Tonge lilishuka nusu ya njia likasimama. Akasema ni vidonda vya tumbo, akawa anasukuma kila tonge kwa maji. Baadaye akaacha nyama, kisha akaacha ugali, akabaki na uji. Alificha kwa sababu aliogopa kwamba akikosa kazi siku tatu nne, nafasi yake itapewa mwingine. Alipofika kwa daktari hata maji yalipita kwa shida. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha. Jina lake hatulitaji, wala jina la shamba, lakini nadhani kila tawi lina mtu wake wa namna hiyo.

Ugonjwa huo ni kansa ya umio. Umio ni mfereji wa nyama unaopeleka chakula kutoka kooni mpaka tumboni, na kwa hiyo wengi huuita kansa ya koo. Jirani yake ni kansa ya tumbo lenyewe la chakula. Mwaka 2022, katika ulimwengu mzima, watu kama 511,000 walipatikana na kansa ya umio, na wengine kama 968,000 walipatikana na kansa ya tumbo. Si ugonjwa wa kurogwa, wala si aibu ya ukoo.

Kwetu Kenya kansa ya umio ni kali zaidi sehemu za magharibi na Bonde la Ufa. Madaktari wa hospitali ya Tenwek, Bomet, walieleza mwaka 2010 habari za wagonjwa 109 waliokuwa na miaka 30 au chini. Katika nchi nyingi ugonjwa huu ni wa wazee. Kwetu unachukua hata vijana walioanza kazi juzi.

Juu ya sababu tutasema kwa ufupi. Tumbako na pombe zina hatia iliyothibitishwa. Moto wa kinywaji nao unashukiwa sana: mwaka 2016 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba vinywaji vinavyopita joto la digrii 65 huenda vinaleta kansa ya umio. Huko Iran watu 50,045 walifuatwa kwa miaka kama kumi, na wale waliokunywa chai nyingi ya moto zaidi waliupata ugonjwa huu karibu mara mbili ya wale waliokunywa kidogo na iliyopoa. Sisi tunaoichuma chai tusiogope: kosa halikuonekana katika jani, lilionekana katika moto. Iache kikombeni dakika chache, kisha unywe kwa starehe.

Sasa tuje kwenye matibabu. Zamani tegemeo lilikuwa kisu peke yake. Mwaka 1913 huko New York daktari Franz Torek aliukata umio wa mama wa miaka 67. Mama yule aliishi miaka 13 mingine, lakini alikula kwa mpira uliopita nje ya kifua chake. Baadaye wapasuaji walijua kulivuta tumbo juu na kuliunga na umio uliobaki, na mgonjwa akala kwa kinywa chake. Hata hivyo wengi waliopasuliwa vizuri walirudiwa na ugonjwa, kwa kuwa mbegu zake zilikuwa zimekwisha kutawanyika mwilini kabla ya kisu kufika.

Ndipo wataalamu wakauliza: je, tukiupiga ugonjwa kwa dawa na mionzi kwanza, kisha ndipo tukate? Madaktari wa Uholanzi walifanya jaribio lililoitwa CROSS. Wagonjwa 366 ambao ugonjwa wao uliweza kukatwa waligawanywa kwa kura. Fungu la kwanza walipasuliwa tu. Fungu la pili walipewa mionzi mara 23, na mara moja kila juma wakatiwa mshipani dawa mbili, carboplatin na paclitaxel, kwa majuma matano, kisha wakapasuliwa.

Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Wapangeni wagonjwa wa kila fungu kwa mstari, tangu aliyefariki mapema mpaka aliyeishi zaidi, mkamtazame wa katikati. Katika fungu la kisu peke yake, wa katikati aliishi miezi 24. Katika fungu la pili aliishi miezi 49. Nayo ile namna ya kansa iliyo nyingi kwetu Kenya, inayoanzia katika ngozi ya ndani ya umio, ndiyo iliyosikia dawa kuliko zote. Katika namna hiyo, hesabu iliyotolewa mwaka 2015 ilikuwa miezi 21 kwa kisu peke yake, na zaidi ya miezi 81 kwa waliotanguliziwa dawa na mionzi. Na dawa hizo mbili si za siri: ni za zamani, nazo zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni.

Wajapani nao waliwachukua wagonjwa 601 wa namna hiyo hiyo, wakawatia mafungu matatu: dawa mbili, dawa tatu, au dawa mbili pamoja na mionzi, na baadaye kisu kwa wote. Mwaka 2024 walieleza kwamba baada ya miaka mitatu, katika kila watu 100 wa dawa tatu, 72 walikuwa hai. Wa dawa mbili walikuwa 63, na wa mionzi 68. Dawa tatu ni kali na zinataka uangalizi wa karibu, lakini kwa nchi isiyo na mashine za mionzi kila mahali, habari hiyo ina uzito.

Kwa kansa ya tumbo, na ya pale umio unapokutana na tumbo, Wajerumani walijaribu mchanganyiko wa dawa nne uitwao FLOT, unaotiwa kabla ya kupasuliwa na baada yake. Wagonjwa walikuwa 716. Mwaka 2019 ilionekana kwamba mtu wa katikati aliishi miezi 50, ambapo kwa mchanganyiko wa zamani aliishi miezi 35. Tena kuna dawa mpya zinazoamsha askari wa mwili wenyewe wapigane na kansa. Mojawapo ni nivolumab, ambayo mwaka 2021 ilionyeshwa kuchelewesha kurudi kwa ugonjwa kwa wale waliopasuliwa wakakutwa na mabaki. Bei yake bado ni mlima kwa mfanyakazi.

Hapa wengine mtasema, "Hayo majaribio ndiyo tunayoyaogopa. Sisi si panya." Hofu hiyo hatuicheki. Lakini angalieni jinsi jaribio la haki linavyoendeshwa. Mgonjwa huelezwa kwa lugha anayoifahamu. Hutia sahihi kwa hiari yake. Akitaka kuacha, huacha, na matibabu yake ya kawaida hayakatwi. Kamati ya maadili huuchunguza mpango wote kabla haujaanza. Ukiletewa karatasi usiyoielewa, usitie sahihi, uliza kwanza, kama unavyouliza mkataba wa kazi. Tena fikirini jambo hili. Mgonjwa mmoja hawezi kumwambia daktari ni dawa gani iliyo bora. Wagonjwa 366 waliokubali kuhesabiwa pamoja waliweza, na majibu yao yanawaponya watu wasiowajua. Sisi watu wa chama tunaufahamu umoja wa namna hiyo.

Wala msidhani kwamba utafiti ni wa Ulaya na Japani tu. Huko Tenwek watu 305 wa vijijini wasio na dalili yoyote walikubali kumezeshwa mpira mwembamba wenye kamera. Umio ulipakwa dawa ya iodini: nyama nzima hugeuka rangi ya kahawia, nyama iliyoanza kuharibika hukataa rangi. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba watu 14 katika kila 100 walikuwa na mabadiliko ambayo bado si kansa, lakini yaweza kugeuka kansa. Maana yake, mlango wa kuuzuia ugonjwa huu uko wazi kabla tonge halijakwama.

Lazima tuseme pia lililo chungu. Hesabu zote nzuri za matibabu tulizozitaja ni za watu waliofika ugonjwa ukiwa bado unakatika. Wengi wetu hufika umekwisha kupita hapo. Kwa hao madaktari huweka kibomba cha waya kinachojitanua ndani ya umio, mgonjwa akaweza kumeza tena na kurudi kwa watu wake. Ni msaada mkubwa wa utu, lakini hauponyi. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi twarudi kwenye swali la mwanzo: chama kina shauri gani na jambo hili? Jibu ni hesabu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Jumla ni siku 14. Sasa kumbukeni matibabu ya CROSS: siku za mionzi peke yake ni 23. Baada yake mgonjwa hupumzika majuma kadha, ndipo apasuliwe, kisha apone kidonda. Dawa imepatikana, hospitali ipo, na mgonjwa anataka kuishi, lakini siku zake zimekwisha kabla mionzi haijakwisha! Huyo atachagua nini, matibabu au chakula cha watoto? Mwenzetu yule tuliyemzika alikuwa amekwisha kuchagua.

Sheria imesema siku "zisizopungua" 7. Haikusema zisizidi. Nafasi iliyobaki hapo ni ya mapatano kati ya chama na mwajiri, na ndiyo kazi yetu. Kwa hiyo kamati yenu inaleta mambo manne:

1. Katika mapatano yajayo, chama kidai likizo ndefu yenye mshahara kwa mfanyakazi mwenye cheti cha matibabu ya kansa, na ahadi kwamba nafasi yake itamngoja.

2. Siku ya kwenda kupimwa isihesabiwe kuwa utoro.

3. Kila mjumbe ahakikishe kwamba pesa za SHA zinazokatwa katika mishahara zinafika. Mfuko huo ulianza kazi Oktoba 2024 mahali pa NHIF, na mgonjwa asigundue kitandani kwamba jina lake halimo.

4. Kila tawi lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kumsindikiza mwenzao hospitali. Mtu akisindikizwa hafichi.

Nanyi wenyewe mna kazi. Chakula kikikwama zaidi ya majuma mawili, au ukikonda bila sababu, au ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usinunue dawa ya vidonda dukani ukanyamaza. Nenda hospitali useme waziwazi, "Chakula kinakwama," na uombe utazamwe ndani kwa kamera. Huenda ikawa si kansa, nasi tutafurahi pamoja nawe. Ikiwa ni kansa, umefika wakati dawa bado ina nguvu.

Ndugu zetu, wataalamu wamefanya sehemu yao, na wagonjwa waliokubali kuhesabiwa wamefanya yao. Iliyobaki ni yetu: kusema mapema, na kumpigania anayesema asipoteze kazi yake. Twaomba mambo yale manne yapigiwe kura leo kabla hatujatawanyika.