Mzee Hakudharau, Hakusikia



Leo tunataka kuzungumza habari za masikio ya wazee wetu. Mtasema, "Masikio nayo yana habari gani?" Subirini kidogo. Tuanze na jambo lililotokea hapa hapa kwetu.

Mzee mmoja wa kijiji chetu alikuwa na shauri la mpaka wa shamba na jirani yake. Kamati yetu ilipanga kulisikiliza tarehe 6. Mjumbe alipita jioni kwa baiskeli. Hata hakushuka. Akasema, "Mzee, kikao ni tarehe sita!" Mzee akaitika, "Haya, baba."

Siku ilipofika, mzee hakuonekana. Tulimngoja mpaka saa nane mchana. Baadhi yetu tukasema, "Mzee huyu ana dharau." Shauri likaamuliwa bila yeye, akapoteza migomba minane.

Tarehe 9 asubuhi tukamwona anakuja na mkongojo wake, amevaa kanzu safi. Akaketi peke yake chini ya mwembe, anangoja kikao. Kumbe yeye alisikia "tisa".

Ndugu zetu, tuliona aibu. Mzee hakudharau. Hakusikia. Tukajiuliza: ni wazee wangapi tunaowaita wabishi, au tunasema wamerudi utotoni, kumbe shida yao ni masikio tu? Basi tukamwomba mganga wa zahanati atufundishe. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo sana, havionekani kwa macho. Sauti ikiingia, huvitikisa, navyo hupeleka habari kwenye ubongo. Mtu anapozeeka, vinyweleo hivi hufa kidogo kidogo. Vikifa, havioti tena. Kelele kubwa za miaka mingi huviua mapema, kama kelele za mashine ya kusaga, bunduki, au vipaza sauti vya muziki. Ziko pia dawa zinazoweza kuvidhuru, kama sindano za streptomisini zilizotumika sana zamani kutibu kifua kikuu.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mzee hapotezi sauti zote kwa pamoja. Sauti nyembamba hupotea kwanza. Ngoma anaisikia. Sauti nene ya mwanamume anaisikia. Lakini sauti ya mjukuu inampita. Katika maneno, "a" na "i" anazisikia, lakini "s", "t" na "f" zinamponyoka. Ndiyo maana "sita" ikawa "tisa". Ndiyo maana mzee husema, "Nasikia mnaongea, lakini sielewi mnasema nini." Watu wakiongea wengi pamoja, ndipo hapati kitu kabisa.

Je, ni wazee wachache tu? Hapana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji msaada kwa sababu ya kupungukiwa kusikia. Kwa watu waliopita miaka 60, ni zaidi ya mmoja katika kila wanne. Hebu tupige hesabu. Kijiji kikiwa na wazee 80, huenda 20 au zaidi hawasikii vizuri.

Shida hii haiishii masikioni. Yupo bibi mmoja tunayemfahamu, alikuwa mcheshi sana katika kikundi cha akina mama. Masikio yalipopungua, wenzake wakicheka, yeye hajui wanacheka nini. Akadhani wanamcheka yeye. Akaacha kwenda. Sasa anashinda nyumbani peke yake, amenyong'onyea. Wataalamu wamegundua pia kwamba watu waliopungukiwa kusikia wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Na njiani je? Pikipiki inakuja nyuma, mzee haisikii.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mzee apelekwe zahanati akaangaliwe masikio. Msiseme tu, "Ni uzee." Yule mzee wetu sikio moja lilikuwa limezibwa na nta ngumu. Mganga akailainisha, halafu akaitoa. Mzee akatoka nje akasema, "Kumbe kuku wana kelele hivi!" Sikio la pili ndilo lililochoka kwa uzee.

Msichokonoe masikio kwa unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti, wala pini. Mnaweza kutoboa ngoma ya sikio, au kuisukuma nta ndani zaidi. Msitie mafuta ya moto. Tena, mtu akiacha kusikia ghafla, kwa siku moja au mbili, asingoje. Aende hospitali siku ile ile. Sikio likitoa usaha, au likiuma, nalo litibiwe mapema.

Pili, kuna vifaa vidogo vya kuvaa sikioni vinavyokuza sauti. Katika hospitali kubwa, kama Muhimbili na Bugando, wapo wataalamu wa masikio. Kifaa hakirudishi masikio ya ujana, na bei yake ni kubwa. Lakini humsaidia mtu kurudi barazani na wenzake. Msinunue kifaa kabla mzee hajapimwa, maana masikio hayafanani.

Tatu, yapo mambo yasiyodai hata senti moja. Unapozungumza na mzee, simama mbele yake, penye mwanga, aone mdomo wako. Mguse bega kwanza, ajue unasema naye. Zima redio. Sema polepole, kwa sauti ya wazi. Usipige kelele, maana kelele humuumiza masikio na maneno huharibika. Asipoelewa, usirudie neno lile lile mara tano. Tafuta neno jingine. Na tafadhali, usimwambie, "Basi, acha tu." Neno hilo linamuuma mzee kuliko uziwi wenyewe.

Nanyi wazee wetu, msione haya. Ukiwa hujasikia, usiitike "haya". Sema, "Mwanangu, sikusikia, njoo karibu." Kutosikia si kosa.

Lile shauri la mpaka tulilifungua upya. Safari hii mzee aliketi mbele, akielekeza kwetu sikio lake zuri. Tulisema mmoja mmoja. Mwishoni alirudishiwa migomba mitano, si yote minane. Lakini alisikia kila neno, naye akasema lake, na alipeana mkono na jirani yake.

Jambo moja tumelibadilisha katika kamati. Mjumbe sasa anashuka kwenye baiskeli. Tena anaandika tarehe kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa, anamkabidhi mzee mkononi. Mzee wetu alihitimu kisomo. Masikio yamepungua, lakini 6 na 9 anazijua vizuri sana.

Leo jioni mkifika nyumbani, ketini karibu na wazee wenu, mzungumze nao.