Nishani Hufuata Karatasi

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa Chama)



Niliambiwa nichague jambo lenye faida kwa makarani, nami nimechagua jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la askari, walakini kwa kweli ni letu sisi wenye kalamu. Nataka kusema juu ya nishani walizostahili askari wetu wa zamani wasizipate, kwa kuwa karatasi zao hazikuandikwa sawasawa, na juu ya njia ya kuzisahihisha karatasi hizo. Neno langu ni moja, nami nalitanguliza ili asiyeweza kungoja mwisho asilikose: nishani hufuata karatasi, na karatasi hufuata karani. Basi atakaye kudai nishani iliyokosekana asianze na nishani. Aanze na karatasi.

Kwanza yafaa tukumbuke kazi yenyewe. Jeshi la K.A.R., ambalo wazee wetu waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902. Katika vita vya 1939 hata 1945 askari wake walipigana na Waitalia katika nchi ya Wasomali na Uhabeshi, 1940 na 1941. Mwaka 1942 walipelekwa kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokwisha kuzoezwa katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, iliingia bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua kubwa, ikaenda katika matope na maradhi hata ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani; watu 1,297 wakafa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Kwa kazi hiyo ziliwekwa nishani, na kila moja ina sharti lake. Nishani ya Vita ya 1939–45 ilimstahilia askari aliyetumika siku 28 tu. Nyota ya Burma ilimstahilia askari wa nchi kavu aliyeingia kazini katika uwanja wa vita wa Burma, hata kwa siku moja. Nyota ya Afrika iliwahusu pia waliotumika Uhabeshi na nchi za Wasomali tangu tarehe 10 Juni 1940 hata 27 Novemba 1941. Mwaona, Mabwana, ya kuwa masharti haya hayaulizi ushujaa. Yauliza mahali na siku. Mwenye kujibu maswali ya mahali na siku ni nani, kama si daftari?

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Nishani za vita vya 1914–18 zilichorwa ukingoni namba, cheo na jina la askari. Lakini nyota na nishani za vita vya 1939–45 zilizotolewa na Serikali ya Uingereza hazikuchorwa jina. Mzee akifa, mjukuu akaikuta nyota ndani ya sanduku, nyota ile haiwezi kumwambia ilikuwa ya nani. Jina limo katika karatasi tu. Hata nchini Uingereza kwenyewe askari wa nchi kavu aliyekwisha kuachishwa hakuletewa nishani mlangoni. Ilimpasa aandike kuiomba. Basi fikirini hali ya mtu aliyerudi kijijini asiyejua kusoma, wala hana jirani ajuaye kuandika barua ya Serikali.

Makosa yaliingiaje? Kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni jina. Karani wa jeshi asiyejua lugha ya kijana aliandika sauti aliyoisikia: mmoja akaandika R mahali pa L, mwingine akaacha N ya mwanzo. Jina la baba mara liliandikwa, mara liliachwa. Kijana aliingia jeshini kwa jina la nyumbani, akabatizwa au akasilimu akiwa kambini, akatoka na jina jingine. Na leo wanawe wanatumia jina la tatu. Mlango wa pili ni namba na kikosi. Namba ilitanguliwa na herufi, na herufi zikiachwa namba yaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Tena askari aliyehamishwa toka kikosi hata kikosi, au aliyelazwa hospitali akajiunga na wenzake baadaye, aliandikwa pale alipoanza, asiandikwe pale alipopigana. Mlango wa tatu ni tarehe. Siku ya kuandikishwa na siku ya kuachishwa zimo, lakini siku alizokaa katika uwanja wa vita hazimo. Na hizo ndizo zinazotakiwa.

Sasa dawa yake. Mtu wa namna hii akija mbele ya meza zetu, au mwanawe akija, tumwulize kwanza swali hili: nishani haikutolewa kamwe, au ilitolewa ikapotea? Haya ni madai mawili mbalimbali, na barua zake ni mbili mbalimbali. Katika nchi ya Kenya wako waliozipata nishani zao, kisha miaka ya 1950 wakazitupa kwa kuogopa kuonekana wafuasi wa Serikali. Mwezi wa Novemba 2023 Mfalme Charles, alipokuwa Nairobi, aliwakabidhi wazee wachache wa namna hiyo nishani za badala katika makaburi ya vita ya Kariokor. Lakini yule ambaye hakupewa kamwe haombi badala. Anadai haki ambayo haijatimizwa, na lazima aonyeshe ya kuwa masharti aliyatimiza.

Kisha tukusanye ushahidi wote uliopo, hata ule ambao mwenyewe auona hauna maana. Cheti cha kuachishwa jeshini ndicho cha kwanza. Kitabu cha mshahara ni cha pili. Barua alizoandika kwao, hata bahasha tupu yenye namba ya posta ya jeshi, zafaa. Picha nayo yafaa sana: ikiwa begani mwa askari kuna alama ya kichwa cha kifaru, hiyo ni alama ya Divisheni ya 11, na divisheni ile twajua ilikwenda wapi. Kikosi kikijulikana, madaftari ya kila siku ya vikosi yamewekwa katika Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa ya Uingereza, huko Kew karibu na London. Ni kweli ya kuwa madaftari hayo mara chache humtaja askari Mwafrika kwa jina; walakini hutaja kikosi kilivuka mto gani na siku gani. Basi tukithibitisha ya kuwa mtu huyu alikuwa katika kikosi hicho siku hiyo, tumekwisha kujibu swali la mahali na siku.

Nasihi nyingine: kusahihisha si kufuta. Tusiibadili hati ya zamani hata kwa nukta moja, wala tusilinyoshe jina lililoandikwa vibaya ili lipendeze macho. Jina lililokosewa ndilo ufunguo wa daftari. Ukilitupa, mlango haufunguki. Andika yote mawili, lile la jeshini na lile la nyumbani, kisha uambatishe hati ya kiapo ya watu wanaojua ya kuwa ni mtu mmoja. Wamarekani hufanya hivyo kwa utaratibu mzuri: hati ya kuachishwa askari ikiwa na kosa haikwanguliwi, bali huandikwa hati ya pili inayotaja kosa na sahihisho lake, na zote mbili hukaa pamoja.

Kwa kuwa nimewataja Wamarekani, kuna mambo mawili kwao ya kutufundisha. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jengo la hati za askari mjini St. Louis, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Je, askari wale walipoteza haki zao? La. Makarani wakatafuta hati nyingine zilizo ndugu za zile zilizoungua: orodha za mishahara, madaftari ya hospitali, taarifa za asubuhi za vikosi. Jalada moja likifa, lina jamaa katika ofisi nyingine. Jambo la pili ni la Koplo Freddie Stowers, askari Mweusi aliyeuawa Ufaransa tarehe 28 Septemba 1918 akiongoza wenzake. Wakubwa wake walimpendekeza kwa nishani iliyo kuu kupita zote za nchi yao. Pendekezo lile halikushughulikiwa. Likakaa zaidi ya miaka 70, hata hati zilipochunguzwa upya. Ndipo mwaka 1991 dada zake wawili wakapokea nishani kwa mkono wa Rais Bush. Adui alimwua siku moja. Jalada lilimfukia miaka sabini.

Labda mtu atauliza: na asiye na karatasi hata moja? Iko hadithi inayosimuliwa juu ya mji wa Mwanza. Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa mshahara wa nyuma askari wazee waliowatumikia Wajerumani katika vita vya 1914–18. Husemwa ya kuwa mlipaji alipofika Mwanza, mamia ya wazee walijitokeza, lakini wenye vyeti walikuwa wachache mno; wengine walikuja na vipande vya nguo za jeshi tu. Basi mlipaji akampa kila mzee fagio liwe bunduki yake, akamwamuru kwa Kijerumani maneno ya gwaride. Wala hakushindwa hata mmoja. Hadithi hii hutuchekesha, lakini ina mafundisho. Mtu mwenyewe ni daftari. Mzee akikumbuka amri, jina la afisa wake, wimbo wa kikosi, au mto waliouvuka, hayo si porojo. Tumwandikie maneno yake, aweke dole gumba, tarehe iandikwe, mashahidi watie sahihi. Lakini daftari hilo huzikwa pamoja na mwenyewe, na wazee waliosalia ni wachache sana.

Najua ya kuwa baadhi yenu mwasema moyoni: nishani za mfalme wa kigeni zatufaa nini leo? Waliotumikishwa walitumikishwa, na malipo yao hayakuwa sawa. Neno hili si la kudharauliwa. Ni kweli ya kuwa malipo hayakuwa sawa: hati iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa fedha za kuagana na jeshi zilizolipwa askari Weupe zilifika hata mara tatu ya zile za askari Waafrika. Lakini angalieni, Mabwana, dhuluma ile ilijulikanaje? Kwa karatasi iliyohifadhiwa. Aonaye nishani kuwa fahari aivae; aionaye kuwa aibu aiweke sandukuni. Hiyo ni hiari yake na ya watoto wake. Lakini kuandikwa ya kuwa alikuwako si hiari ya mtu. Ni kweli, na kweli haina budi kuandikwa.

Kama mwataka kuona hasara ya kutoandika, tazameni Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Majina haya yametokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914–18. Mitaa imebaki na jina la kikosi. Watu wenyewe wamebaki bila majina. Mwaka 2021 Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya kukiri ya kuwa watu 116,000 kwa uchache, na huenda hata 350,000, waliokufa kwa ajili ya vita vile, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Hao hatuwezi tena kuwaombea nishani, maana hatujui tumwombee nani. Askari wa 1939–45 wangali na nafasi, kwa kuwa wengi wana namba mahali fulani.

Kwa hiyo naleta shauri mbele ya Chama. Kila mwanachama, aendapo nyumbani likizoni, aulize katika ukoo wake na kwa majirani: nani alikuwa Keya? Anakili jina kama lilivyoandikwa na kama linavyotamkwa, namba pamoja na herufi zake, kikosi, na mahali alipopelekwa. Apige picha vyeti kabla mchwa hawajavila, kisha avirudishe kwa mwenyewe, asivichukue. Chama kiweke daftari moja la mambo hayo, na wanachama watatu wachaguliwe kuandika barua kwa niaba ya wazee na jamaa zao, bila kupokea hata senti.

Na sisi wenyewe kesho asubuhi tutakapoketi mezani, tukumbuke ya kuwa kila jina tuliandikalo lina mtu nyuma yake. Kumwuliza mtu mara ya pili, “Jina lako laandikwaje?”, hakupotezi hata dakika moja. Aliyeshindwa kuuliza swali hilo mwaka 1942 amewapa wajukuu wa mtu kazi ya miaka themanini.