Viazi vya Bustani ya Nyumbani: Chagua Mbegu Kwanza

Leo tuzungumze juu ya viazi, vile vinavyopandwa kando ya nyumba ili jikoni kusikose chakula. Nasema hasa na ninyi mlio sehemu za baridi: Kinangop, Limuru, Molo na Meru.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Bwana shamba, ni aina gani inayozaa zaidi?" Nami huuliza: wewe unavitaka viazi lini, na utaviweka muda gani?

Anayetaka chakula cha haraka, Shangi itamfaa. Hukomaa kwa miezi mitatu hivi, na jikoni huiva upesi. Lakini Shangi hushambuliwa sana na ukungu, ule ugonjwa unaounguza majani wakati wa mvua na baridi. Tena huchipua mapema baada ya kuchimbwa, basi haikai ghalani. Sherekea, yenye ngozi nyekundu, ilitolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2010. Hiyo huchelewa kukomaa, lakini hustahimili ukungu vizuri kuliko Shangi, na hukaa zaidi bila kuchipua.

Kama nafasi ipo, panda aina mbili, mistari michache ya kila moja. Kule Ireland, ukungu ulipoingia mwaka 1845, maskini wengi walikuwa wakitegemea aina moja tu ya kiazi. Katika njaa iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa. Sisi bustani zetu ni ndogo, lakini funzo ni lile lile.

Sasa, hata aina nzuri huharibiwa na mbegu mbaya. Hebu tuambiane ukweli. Tukichimba viazi, vikubwa huenda sokoni, vya kadiri huingia sufuriani, na vile vidogo-vidogo ndivyo tunavyoweka kuwa mbegu. Mara nyingi vidogo hivyo vimetoka kwenye mashina yaliyoshindwa kuzaa kwa sababu ya ugonjwa. Basi msimu baada ya msimu tunapanda ugonjwa, halafu tunasema udongo umechoka.

Dawa yake haina gharama. Viazi vikianza kutoa maua, pita bustanini na vijiti. Kila shina lenye nguvu, lenye majani ya kijani yasiyojikunja wala kuwa na madoadoa ya manjano, lichomekee kijiti. Baada ya majuma mawili rudi uyakague. Shina lililougua, ng'oa kijiti chake. Siku ya kuchimba, anza na yale yenye vijiti, moja moja. Lililozaa viazi vingi vyenye umbo zuri, chukua vile vya ukubwa wa yai la kuku viwe mbegu. Lililozaa vibaya, viazi vyake vipelekwe jikoni. Wakulima wa Kenya waliojaribu njia hii walipata mavuno zaidi, kwa wastani karibu theluthi moja.

Lakini angalia jambo hili. Ukiona shina limenyauka na udongo bado una maji, likate karibu na ardhi, ulining'inize kwenye gilasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa shina hilo pamoja na viazi vyake, ukalitupe mbali, wala usilitie kwenye mbolea. Na katika bustani hiyo usitoe mbegu hata moja, hata kama mashina mengine yanapendeza. Tafuta mbegu iliyokaguliwa. Mahali hapo panda mahindi, maharagwe au kabichi kwa misimu kadhaa. Usipande nyanya, biringanya, pilipili wala mnavu, maana hizo ni jamaa za kiazi.

Mbegu uliyochagua iweke mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali, mpaka itoe machipukizi mafupi, manene. Panda kiazi kizima, kwani kisu huhamisha ugonjwa toka kiazi hadi kiazi. Mstari hadi mstari acha sentimita 75, na kiazi hadi kiazi sentimita 30. Tia samadi iliyooza vizuri. Mashina yakifika urefu wa sentimita 20 hivi, inulia udongo, ili viazi visione jua. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu. Usimpe mtoto wala usile wewe.

Kwa hiyo, ndugu wakulima, ukichimba msimu huu usisubiri mabaki. Mbegu itengwe kwanza, kabla ya gunia la sokoni na kabla ya sufuria. Mwenye kula kilicho bora na kupanda kilicho duni, mwaka ujao atakuwa na duni peke yake.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini, na mvua iwe ya heri.