SAT Imerudi, Tuisheni Isubiri

Vyuo vikuu vya Marekani vilivyolegeza sharti la SAT, mtihani wa kuomba nafasi ya chuo, wakati wa korona vimeanza kulirudisha. MIT ilitangulia mwaka 2022. Dartmouth na Harvard zikatangaza vivyo hivyo mwaka 2024. Kijana wa Dar es Salaam au Mombasa anayelenga huko ni vema ajiandae.

Hisabati yenyewe isimtishe sana aliyepikwa na mitihani yetu ya taifa, na kikokotoo kimo ndani ya programu ya mtihani. Kazi ipo kwenye saa. Ni maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14, yote kwenye kompyuta, na namna unavyojibu nusu ya kwanza ya kila somo ndiyo inayoamua ugumu wa nusu ya pili. Hapo mwanafunzi aliyelelewa kwa insha ndefu na kalamu ya wino huchelewa kuushika mwendo. Ajue pia kwamba jibu baya halikatwi alama. Kuacha swali wazi ni hasara tupu.

Mitihani kamili ya majaribio ipo bure ndani ya Bluebook, programu ileile inayotumika siku yenyewe, na tovuti ya Khan Academy inafundisha bila malipo. Wapo wanaotoza wazazi fedha nyingi kwa maswali hayohayo. Mzazi, kabla hujafungua pochi, mtafutie mwanao kompyuta na intaneti ya uhakika, na pasipoti ya kujitambulisha siku ya mtihani ishughulikiwe mapema.